Kuutafuta Ubeti wa Mwisho wa Hawa

Aliyelifuta jina la Hawa ni katibu wa kamati iliyohariri kitabu cha nyimbo za shule. Aliukata ubeti wa mwisho wa wimbo wake ili uenee ukurasani, kisha akaandika: "Mtunzi hajulikani." Nami, niliyekuwa msajili wa haki za watunzi, nilitia muhuri bila kuuliza. Dada yake Hawa alipopiga hodi kwangu Mombasa na kunieleza kuwa kitabu kinachapishwa tena, nilifunga safari kumfuata Hawa ng'ambo.

Msomaji wa pwani anajua mtunzi hujitaja wapi: katika ubeti wa mwisho. Hata watunzi wa Ufaransa ya zama za kati, waliotunga maneno na sauti pamoja, wako tunaowajua kwa sababu tu mnakili aliandika hadi mwisho.

Riyadh, Ijumaa alasiri. Hawa, mtumishi wa nyumba moja ya mtaa wa Al-Naseem, alinikuta sokoni Al-Dirah, madam wake akichagua vitambaa duka la pili.

"Mzee wangu, umepanda ndege kwa ajili ya ubeti?" Alicheka. "Kustaafu kumekuchosha."

Nilimwuliza huandika wapi. Haandiki. Hutunga akipiga pasi: kila shuka ubeti wake, na kanzu ya bosi ni kiitikio, kwa kuwa hurudi kila siku. Nimepitia majalada ya watunzi wengi. Sijaona utunzi uliopangika hivyo.

"Wanangu huuimba shuleni," alisema, sasa hacheki. "Huambiwa hauna mwenyewe."

"Hawa, yalla!" madam aliita, akimharakisha.

"Nenda Jeddah, mtaa wa Kandara. Wenzangu wawili wanaujua wimbo wote."

Ilinifaa hivyo. Kiofisi, mdai hawi shahidi wake mwenyewe.

Jeddah, jioni ya pili. Katika mgahawa mdogo wa Kandara niliwakuta Amina na Wanjiku, waliowahi kufanya kazi jirani na Hawa. Niliomba kila mmoja aimbe peke yake, mwenzake akingoja nje.

"Kumbe ni wewe ulipiga muhuri?" Wanjiku aliuliza. "Haya, andika. Leo usiruke."

Maneno yao hayakutofautiana hata herufi:

*Aloutunga ni Hawa, nguo akinyosha hapa,*
*Hata mkiuchukuwa, jina msije litupa.*

Nimerudi Mombasa nikijua kuwa wanawake wawili wasio na ofisi walitunza kumbukumbu vizuri kuliko idara yangu. Kwa hiyo nadai kwa maandishi: uchapaji usimamishwe, ubeti urudishwe, jina la Hawa liwekwe juu ya wimbo, na katibu aeleze mbele ya wazazi wa shule hizo jinsi ukurasa ulivyokosa nafasi ya mistari miwili. Maelezo ya msajili aliyetia muhuri, yaani mimi, nimeyaambatanisha. Yasomwe kwanza.