Jina Sikulitaja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka rangi ya blauzi niliyoivaa. Ilikuwa ya kijani, mpya, nimeinunua kwa ajili ya mkutano. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nimemaliza shahada ya pili ya sosholojia, na ndiyo kwanza nimeajiriwa kwenye mradi wa utafiti wa afya wenye ofisi yake mtaa wa Kacyiru. Niliamini nimefika. Nasikia nawe umepata kazi ya namna hiyo hiyo, ya kwenda kwa watu na kuwauliza wanaishije na maradhi yao. Basi kaa nikusimulie. Sitaki kukutisha. Kosa nililolifanya limo katika vitabu watakavyokupa, lakini limeandikwa kwa maneno ya kulaza usingizi, nami nililisoma nikapita.

Mimi nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Tuliporudi Rwanda Kinyarwanda changu kilikuwa kinachechemea. Nilihesabu kwa Kiswahili, nikasali kwa Kiswahili. Kwa hiyo kazini nilipewa mtaa wa Nyakabanda, kwa kuwa huko wapo wengi waliorudi kutoka nje, na Kiswahili kinasikika dukani na kwa mafundi. Tulikuwa tunatafuta kujua kwa nini watu wenye kifafa, igicuri kwa Kinyarwanda, huanza dawa kisha huziacha.

Aliyenipeleka nyumba kwa nyumba ni mama mmoja mshauri wa afya, mtu wa kujitolea aliyechaguliwa na majirani zake. Tulimwita Mama Josée. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na katika mtaa ule kata alikuwa yeye. Alijua nani ana kikohozi kisichoisha, mimba ya nani haijasemwa bado. Nilitembea naye wiki tano na sikumsikia hata mara moja akitaja la nyumba moja akiwa katika nyumba nyingine. Nililiona hilo, lakini sikujifunza kitu. Nilidhani ni tabia yake tu, kama mtu anayependa chai bila sukari.

Mama Josée ndiye aliyenifikisha kwa mwanamke nitakayemwita Godelieve. Si jina lake, na mambo mengine mawili ya maisha yake nimeyabadili kwa idhini yake mwenyewe. Godelieve alikulia Bujumbura, Mkatoliki wa kweli kweli, mjane mwenye binti mmoja shuleni. Alikuwa na mgahawa mdogo karibu na mafundi wa kuchomelea vyuma. Saa sita mchana mafundi walijaa pale kwa sahani ya melanje, yaani wali, viazi, maharagwe na isombe ya majani ya muhogo, kila kitu kidogo kidogo.

Siku ya kwanza alijibu maswali yangu kwa "ndiyo" na "hapana". Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nilimwambia kwamba mama yangu naye alipika chakula cha kuuza kule Karagwe, na kwamba nilikuwa namenya viazi kabla ya kwenda shule. Akanitazama, akacheka, akanipa kisu. Tukamenya huku tukiongea. Hapo ndipo aliponieleza.

"Dada, inakuja na harufu," alisema. "Nasikia kama nywele zinaungua. Nikiisikia tu, najua nina dakika moja. Nachukua rozari yangu pale ukutani, nawaambia wateja nakwenda kusali kidogo. Napita nyuma ya pazia, nalala ubavu kwenye mkeka. Ikiisha, nanawa uso, narudi. Wao wanasema, 'Mama huyu ni mtu wa Mungu.'"

"Hakuna anayejua?"

"Binti yangu na Mama Josée. Na sasa wewe. Watu wanasema povu la igicuri linaambukiza. Wakijua, nani atakula kwangu?"

Nikamsomea tena fomu ya ridhaa: jina lake halitatajwa popote. Akatia sahihi kwa kalamu yangu, mikono bado ina maji ya viazi.

Mwanangu, nilirudi ofisini nikiwa kama niliyeokota almasi. Kiongozi wa mradi, profesa mwenye sifa zake, aliposoma maelezo yale alipiga meza. "Hii ndiyo itakayobeba makala," akasema. Na makala yale yangekuwa na jina langu mwanzoni. Nilikuwa nimeomba nafasi ya shahada ya uzamivu nje ya nchi, na chuo chenyewe kilitaka kuona makala.

Sasa nije kwenye siku ya blauzi ya kijani. Mradi wetu ulikuwa na utaratibu mzuri wa kurudisha matokeo kwa wenyeji. Tukaitisha mkutano palepale Nyakabanda, asubuhi, kwenye ukumbi wa parokia. Walikuja viongozi wa mtaa, wauguzi, washauri wa afya, wafanyabiashara, mafundi wawili watatu. Nikaanza na majedwali yangu. Baada ya robo saa nikaona vichwa vinaanza kuinama, mzee mmoja wa mbele amefumba macho kabisa. Nikaona aibu. Nikaamua kuwaamsha.

Nikasema: "Yupo mwanamke mmoja mwenye mgahawa. Akihisi kifafa kinakuja, huchukua rozari yake na kuwaambia wateja anakwenda kusali." Ukumbi ukaamka. Watu wakacheka, wakageukiana, mmoja akapiga kofi kwenye paja. Nami, Mungu anisamehe, nikadhani wanacheka kwa sababu nimesimulia vizuri. Nikaongeza pazia na mkeka. Nikamaliza kwa methali, mficha maradhi kilio humuumbua, nikapigiwa makofi. Mama Josée alikuwa kwenye kiti cha nyuma. Nilimtafuta baadaye nimsalimie, nikaambiwa ameshaondoka.

Zikapita siku kumi. Asubuhi moja mlinzi wa ofisi akaniambia kuwa nina mgeni. Ni Mama Josée, amevaa kitenge chake cha kanisani, ameketi wima kwenye kochi la mapokezi. Sikuwahi kumwona Kacyiru. Nikamletea chai, akaiacha mezani. Akatoa mkobani nakala ya fomu ile ya ridhaa, ile iliyobaki kwa Godelieve, akainyoosha juu ya goti.

"Binti, mimi iko na swali moja tu. Hii karatasi inasema nini?"

"Inasema jina lake halitatajwa."

"Na ulitaja?"

"Hapana, Mama. Sikulitaja. Kila mtu ni shahidi."

"Basi kwa nini watu sita wamekuja kwangu kuniuliza kama ni kweli Godelieve iko na igicuri?"

Kisha nikafanya jambo ambalo linaniudhi kuliko mkutano wenyewe: nikajitetea. Nikamweleza kanuni, nikamwambia kamati ya maadili ilipitisha, nikasema migahawa ni mingi na rozari ni nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Nyakabanda rozari ni nyingi," akasema. "Rozari ya ukutani, kwa mgahawa, ya kuchukuliwa katikati ya chakula, iko moja. Hiyo ndiyo jina lake. Jina la kwenye kitambulisho sisi hatulitumii hata kumwita." Akaikunja karatasi. "Mimi nilikupeleka kwake kwa mkono wangu. Alifungua kwa sababu aliona mimi. Sasa nikibisha mlango, watu wanachungulia kwanza nimekuja na nani."

Akasimama akaenda. Sikumsindikiza hata mpaka kituo cha basi.

Nilikwenda kwa profesa. Alinisikitikia kidogo, kisha akasema kwa ukweli wake wote kwamba hatukuvunja kanuni yoyote. Mwanangu, nilijifariji kwa maneno hayo siku mbili nzima. Yalikuwa kweli, ndiyo maana yalikuwa matamu. Siku ya tatu nikapanda pikipiki nikaenda Nyakabanda saa sita na nusu, saa ya mafundi.

Mgahawa ulikuwa mtupu. Sufuria zimefunikwa, zimejaa. Ng'ambo ya njia mafundi walikuwa wamekaa juu ya mabomba ya chuma wakila mandazi. Godelieve alikuwa anafuta meza iliyokuwa safi. Nilitegemea anitukane, na nilikuwa nimejiandaa kulia. Lakini muungwana akivuliwa nguo huchutama. Alinisalimia, akanipa kiti.

Nikaomba radhi. Nikamwambia nitaitengeneza: nitaitisha mkutano mwingine, nitaleta daktari aeleze kwamba kifafa hakiambukizi kwa chakula wala kwa povu, nitasimama mwenyewe niseme...

"Dada," akanikatiza, "kila ukifungua mdomo wateja wangu wanapungua. Sasa funga."

Nikafunga.

"Umekula?"

"Bado."

"Basi kaa hapa mbele, si kule ndani. Kaa wakuone. Kula."

Nikala pale mlangoni, mbele ya mafundi wote, sahani imejaa hadi ukingoni. Kesho yake nikarudi. Nilikula pale kila siku ya kazi kwa karibu miezi miwili, nikitoka Kacyiru mbio na kurudi nimechelewa. Mama Josée naye akaanza kuja, akikaa meza yangu bila kuniambia mengi. Wiki ya tatu fundi mmoja mzee akavuka njia. Akasema kwa sauti kwamba mandazi yamemchosha tumbo, akaagiza maharagwe. Wakafuata wawili. Sitakudanganya kwamba wote walirudi. Nusu labda. Maji yakimwagika hayazoleki. Na binti yake alirudi nyumbani akilia zaidi ya mara moja, kwa yaliyosemwa shuleni. Hilo hakuna sahani ningeweza kula likaondoka.

Katika wiki hizo hizo nikamwambia profesa kwamba kisa kile kitoke kwenye makala. Alisema kisa kikitoka hakuna makala, na kwamba majarida husomwa na watu wasioijua Nyakabanda. Nikamjibu kwamba binti wa Godelieve siku moja atajua kusoma chochote. Tukabishana vibaya. Mwisho kisa kiliondolewa, makala yakakataliwa na jarida la kwanza na la pili, na nafasi yangu ya uzamivu akapewa mwingine. Nilisubiri miaka mitatu kuipata tena. Nakutajia hili kwa sababu watakuambia kwamba kufanya haki hulipa. Wakati mwingine hakulipi kitu, na unafanya.

Godelieve baadaye alihamia Gahanga, kule pembeni ya mji ambako zamani kulikuwa na mashamba matupu na sasa nyumba zinaota kila upande. Wajenzi hula sana. Miaka mingi ikapita. Siku moja nilikuwa na kazi ya utafiti huko, nikauliza, nikaonyeshwa kibanda chake, kikubwa kuliko kile cha kwanza. Wakati nakula aliniambia alivyofungua. Siku ya kwanza kabisa, kabla hajapakua, aliwaambia waashi: "Mimi nina kifafa. Nikianguka, nilazeni ubavu, msinitie kitu mdomoni, mngoje. Chakula kiko tayari." Wengine wakaondoka. Waliobaki wakala, na walikuja na wenzao.

"Kwa hiyo watu walikuwa tayari kujua," nikasema, nikijitafutia nafuu kidogo.

"Safari hii nimesema mwenyewe," akajibu. "Wewe ulisema kabla yangu."

Nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema alinisamehe zamani, wiki ile nilipokuwa nakula mpaka suruali ikanibana. Tukacheka. Kisha akasema ninaweza kuwasimulia vijana, lakini nimsomee kwanza nitakachosema. Nikamsomea. Aliondoa sentensi tatu.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na naisema wazi usije ukaitafuta katikati ya hadithi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Fomu ya ridhaa inamlinda mwajiri wako. Mtu aliyekuambia anakutegemea wewe. Kabla hujaandika wala kusimulia, usijiulize kama umetaja jina. Jiulize jirani yake akisikia atamjua au hatamjua, na kama hujui jibu, kamuulize mwenyewe, na ukubali akikwambia ufute sentensi unayoipenda. Usione watu wanasinzia ukawaamsha kwa siri ya mtu; acha wasinzie. Ukikosea, nenda mwenyewe, mapema, wala usiende na suluhisho lako mkononi. Uliza unatakiwa kufanya nini, ufanye hicho, hata kikiwa kidogo na cha aibu. Na yule mama anayekutembeza mtaani, mheshimu kuliko profesa wako, kwa kuwa wewe utaondoka na daftari, yeye atabaki na majirani.

Nenda kazini sasa. Mungu akupe masikio mapana na ulimi mzito, akuepushe na makofi usiyostahili. Na kila atakayekufungulia mlango wake, asije akajuta kwamba alikufungulia.