Jembe Jepesi Kabla ya Mvua

Baada ya mazishi ya mume wangu, ndugu yake mkubwa alichukua koti lake, panga na jembe. Sikukataa. Niseme ukweli, koti liliniuma, lakini jembe sikulilia. Lilikuwa zito hata kwa mume wangu. Akilima alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache, anaegemea mpini na kutazama barabara kama anayemngoja mgeni. Miaka yote hiyo nilidhani anapenda kutazama barabara.

Kulima ilikuwa kazi yake. Kupanda na kupalilia ilikuwa yangu. Kipande chetu kiko hapa Gatongora, Ruiru, nyuma ya nyumba za kupanga, na si chetu hasa. Mwenye shamba hajajenga, kwa hivyo huwaacha wapangaji wapande mahindi na maharagwe ili watu wasimwage takataka. Sharti lake ni moja tu: mvua ikianza kipande hakijalimwa, anampa mtu mwingine. Huwa hagombani na mtu. Anampa tu.

Mwaka huu nilikuwa peke yangu, sina jembe, na bega la kulia lilikuwa limeanza kunisumbua. Wanawake watano wa ploti yetu walinipokea katika kikundi chao. Kila Jumamosi tunalima shamba la mmoja wetu, hadi zamu iwafikie wote sita. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Tunapanga mstari, kila mmoja na upana wake, tunasonga mbele pamoja. Ukibaki nyuma unaacha kipande kirefu kisicholimwa nyuma ya wenzako, na hicho tunakiita mkia.

Jumamosi mbili za kwanza nililima kwa jembe la kuazima. Mwenyekiti wetu ni mama mzee anayeuza sukuma wiki, na mdomo wake hauna breki.

"Wee mama, huo mkia wako umefika Juja!" alinipigia kelele. "Utatuletea wanafunzi wa chuo kikuu cha huko hapa shambani."

Wote walicheka, na mimi nikacheka. Lakini wakati wa chai alinivuta kando.

"Dada, sisemi kwa ubaya. Jumamosi ijayo wewe pika chai. Bega lipumzike."

"Na zamu yangu?"

"Sheria unaijua. Anayepika chai analimiwa nusu."

Nusu ya kipande. Hiyo nusu nyingine ilikuwa ya sangari tupu, ile nyasi ya mizizi kama waya, na nisingeimaliza kabla ya mvua. Nilimwomba anipe Jumamosi moja zaidi. Alinitazama bega, akatazama mkia, akasema, "Moja."

Jumatatu nilikwenda Thika. Nilikuwa na pesa kidogo, na nilikuwa na furaha ya ajabu, kama mtoto anayepelekwa kununuliwa viatu. Tangu mazishi sikuwa nimetamani kitu chochote dukani. Niliona haya kidogo, mjane kufurahia jembe, lakini furaha ilikuwepo na siwezi kuikana.

Katika duka la vifaa, majembe yalikuwa yamerundikwa sakafuni bila mipini. Muuzaji alinichagulia moja pana kama sinia.

"Hii ndiyo jembe, mathe. Itakaa mpaka wajukuu."

"Wajukuu watanunua yao. Nipe nyepesi kabisa."

"Nyepesi ni ya kupalilia. Hii ya ratili mbili ni ya kuchezea."

"Nipe nicheze nayo."

Niliinua lile la ratili mbili kwa mkono mmoja. Nililigonga kwa ufunguo wangu kama mume wangu alivyokuwa akifanya, nikasikia linalia vizuri, halina ufa. Tena lilikuwa rahisi kuliko yote, kwa kuwa chuma ni kidogo. Hapo nilitaka kumkumbatia muuzaji. Nilikuwa nimeogopa kwamba kitu kinachomfaa mwanamke kitakuwa cha bei ya juu, kumbe kilikuwa pale chini ya rundo, hakuna anayekitaka.

Niliporudi Ruiru nilinunua mpini kwenye yadi ya mbao. Nilichagua ulionyooka na kupendeza, mkaratusi mweupe bado unanukia. Jioni niliupachika, kisha nikalaza jembe zima ndani ya pipa la maji mpaka asubuhi. Mume wangu alikuwa akiloweka jembe ili mti uvimbe na chuma kisichomoke. Yeye aliloweka kichwa tu kwenye karai, na mpini wake ulikuwa mkavu wa miaka. Hilo sikuliwaza. Nilifanya kama nilivyokumbuka, na nilikumbuka nusu.

Kesho yake nilijaribu kwenye kipande changu. Jembe lilipanda hadi begani likakataa kwenda juu zaidi. Niligonga udongo mara kumi, labda kumi na mbili, nikakaa chini kwenye sangari. Nililia kidogo, si kwa ajili ya jembe peke yake.

Kisha nikakasirika, na hasira ilinisaidia. Kwenye lango letu yuko mama anayeuza mahindi kwa mizani. Nilimpelekea jembe, nikaugonga mpini ukatoka, nikaweka chuma kwenye mizani, halafu mpini.

Yule mama aliangalia mshale, akaangalia mpini, akanitazama mimi.

"Ngai! Mti umeshinda chuma!"

"Rudia."

Alirudia. Mpini ulikuwa mzito karibu mara mbili ya jembe.

"Sasa wewe umekuwa ukilima na mti," alisema, akashika kiuno kwa kicheko. "Chuma kimekusindikiza tu."

Nilicheka naye mpaka wateja wake wakageuka. Nilijisikia kama mtu aliyevumbua kitu! Sote tunapima chuma. Tunakiinua, tunakigonga, tunabishana bei yake, kisha tunakitia kwenye gogo lolote na kusema jembe ni kazi ya wanaume. Huyo mama wa mahindi ndiye aliyeniambia kuna mwanamke mtaa wa Landless, kule Thika, anayechonga mipini.

Nilimkuta ameketi nje ya nyumba ya mabati, panga mkononi, mavumbi ya mbao kwenye leso. Nyuma yake mipini ilisimama ukutani kama watu kwenye foleni ya maji. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye haraka. Nilimweleza habari ya pipa.

"Uliulaza ndani mzima?"

"Mzima."

"Usiku kucha?"

"Ndiyo."

"Haya, sijakucheka," alisema, na alikuwa ananicheka. "Lete mkono."

Alinipa mpini mmoja niushike. Kidole cha kati hakikufikia gumba. Akaurudisha, akanipa mwingine, kisha mwingine. Wa nne, kidole kiligusa gumba bila kulazimishwa.

"Huo. Kama mkono haufungi, utaukaba siku nzima ili usikuponyoke. Ndiyo maana bega linauma. Wa kwako ulichongwa kwa kipimo cha mkono wa mwanamume."

"Huu ni mti gani?"

"Mkaratusi, mti ule ule wako. Wako umekunywa maji, huu umekaa juu ya moshi wa jikoni kwangu tangu mavuno yaliyopita."

Alinisimamisha wima, akaweka alama kwenye kitovu changu, akakata hapo. Mwisho unaoingia kwenye tundu la jembe aliuacha mnene, akapunguza shingo na kulainisha sehemu ya kushika kwa kipande cha chupa. Akaniambia nisiuloweke. Ukilegea, niugonge chini kwenye jiwe. Aliniuzia kwa bei ya chini kuliko ule wa yadi, kwa sababu, alisema, ni mfupi.

Niliupachika kwenye chuma nilichokuja nacho, nikainua jembe hapo hapo barabarani. Lilipanda juu ya kichwa kabla sijalifikiria. Nilirudia tena na tena, nikilima hewa katikati ya Landless, na watu wakapita mbali nami.

"Mami, bakisha nguvu," alisema. "Udongo uko Ruiru."

Jumamosi nilijipanga kwenye mstari. Jembe dogo linachukua udongo kidogo, kwa hivyo lazima upige mara nyingi zaidi. Hilo sikuwa nimeambiwa, na mwanzoni nilitishika. Lakini mapigo yalikuja yenyewe, mafupi, ya haraka, na sangari ilikatika. Sikuwa wa kwanza. Nilikuwa wa nne kati ya sita, na nyuma yangu hapakuwa na mkia.

Mwenyekiti alisimama akafuta jasho. "Wee! Nani amekupa nguvu?"

"Mwanamke wa Landless."

"Hebu nishike." Alilima mistari mitatu kimya, na kwake kimya ni jambo kubwa. Halafu akasema, "Chai leo atapika mwingine," na ilibidi nimnyang'anye jembe langu. Kabla ya zamu yangu kufika, wawili wao walikuwa wamekwenda Landless kupimwa mikono.

Zamu yangu ilifika mawingu yakiwa yameshuka hadi kwenye paa za magorofa. Tulilima bila kuimba na bila kupumzika. Matone ya kwanza yalitukuta tumebakiza upana wa mistari miwili. Mama mmoja akatazama nyumbani, nguo zake zilikuwa kwenye kamba.

"Kimbia uanue," nilimwambia.

"Zimeshalowa," akasema, akainua jembe.

Tulimaliza tukiwa tumelowa, udongo mwekundu umetupanda hadi magotini, sote sita tunacheka bila sababu. Sikuingia ndani na wenzangu. Nilileta mbegu kwenye sufuria nikaanza kupanda pale pale, kwenye mvua.

Jumatatu mwenye shamba alipita akitazama nani hajalima. Alisimama kwangu, akatazama udongo uliolimwa hadi mwisho. Alikuwa amemjua mume wangu, na nadhani alikuja tayari kuniambia kipande amempa mtu mwingine.

"Mama, basi unaweza kupanda," akasema.

"Nimeshapanda," nikamwambia.