Makochi ya Paskali na Vigoda vya Gidamusa

Nakumbuka siku ile tulikuwa wanne uani kwetu Hirbadaw: mimi, mume wangu Paskali aliyekuwa fundi seremala, mama yake Martina aliyetoka Masieda kuja kututazama, na Gidamusa, mfugaji wa Gehandu, tuliyekuwa tukinywesha ng'ombe pamoja naye.

Mwanangu, mashamba ya ngano ya serikali yalipokuwa na nguvu, madereva wa matrekta walibeba makochi hata vanishi haijakauka. Kisha mambo yakaharibika. Vipuri hakuna, mishahara inachelewa, sabuni ya kutafuta. Nani anunue kochi? Lakini Paskali aliendelea kutengeneza tu! Nyumba ikajaa. Kuku wangu wakatagia kwenye makochi, sisi tukakaa kwenye mawe. Nilisema mpaka nikachoka.

Siku hiyo alikuwa amemfunga kamba ng'ombe wetu wa maziwa, ampeleke mnadani apate mbao nyingine. Na watoto wangenywa nini? Ndipo Gidamusa akaingia. Akampa mama mkwe wangu shikamoo, akaomba vigoda na kitanda cha kamba za ngozi, maana mwanawe anaoa. Angelipa mbuzi.

"Mimi ni fundi wa makochi," Paskali akamjibu. "Vigoda kachonge mwenyewe."

Gidamusa akacheka. "Haya, fundi. Kuku wako naona wameyapenda."

Mama mkwe akainuka, akaikamata kamba ya ng'ombe. "We Paskali! Watu wameacha kuoa? Wameacha kukaa? Unamngoja dereva ambaye trekta lake liko juu ya mawe, na mwenye mbuzi unamfukuza! Ng'ombe huyu haendi popote. Bomoa hayo makochi, mbao si hizo?"

Akabomoa, huku ananung'unika. Vigoda vikatoka, kitanda kikatoka. Baada ya arusi wakaja wengine kutaka milango, mipini ya majembe, mizinga ya nyuki. Bandu bandu huisha gogo; makochi yote yakaisha. Ng'ombe akabaki zizini.

Nawe leo, fundi kama baba yako, umejaza makabati ya vioo barazani, unalia wateja wamekwisha! Mara ngapi niseme? Hali ikiwa ngumu, haja za watu hazifi, zinabadilika. Waulize wanataka nini, uwatengenezee hicho, na usiuze kinacholisha watoto ili kulisha kiburi. Mungu aibariki mikono yako, zizi lako lisikose maziwa.

Kama nimekosea jina la mtu, aliyekuwepo anisahihishe. Ila habari ya kuku, hapana. Mayai niliyaokota mwenyewe.