Pipa la Fernand Lisiloguswa

Arlette Vuillet mikono yake ilikuwa haijui kukaa. Miaka thelathini na moja alipika chakula cha mchana cha watoto wa shule pale Vaudrey-le-Haut, vichwa themanini na ushee kila siku, na alipostaafu ndio kwanza akapamba moto. Akamshonea jirani mapazia ambayo jirani hakuomba. Akakwangua kutu kwenye geti la kanisa mpaka padri akaogopa geti litaisha. Ukisahau miwani kwake ukarudi kesho, unaikuta imefutwa, skrubu zimekazwa, na kakitambaa kapya juu. Ndivyo alivyo.

Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye aliyeachiwa kitu ambacho kazi yake yote ni kutokukigusa.

Kitu chenyewe ni pipa. Si pipa kubwa, lita mia na kumi tu, limelazwa stoo ya chini ya nyumba, kwenye kona yenye buibui. Mumewe Fernand alilima mizabibu miaka arobaini na miwili, na kila Oktoba zabibu zake zilikuwa zinapanda trela kwenda chama cha ushirika, zinamwagwa pamoja na za watu wengine wote, basi, kwaheri. Mvinyo wa kunywa nyumbani alikuwa ananunua dukani kama mtu wa mjini. Wenzake walikuwa wanamtania mpaka basi. "Fernand, wewe ni kama mama anayezaa halafu watoto wanalelewa na serikali!" Yeye anacheka, anajaza glasi.

Mwaka wa mwisho, sijui alijua sijui hakujua, akazuia zabibu nyeupe za kutosha pipa moja. Akataka mvinyo wa njano. Na mvinyo wa njano pale Jura, mashariki ya Ufaransa, ndio mvinyo wenyewe, ule wa kumwagia kuku na uyoga wa porini, ule wa kunywa taratibu na jibini ya Comté, unanukia kokwa za jozi na bizari mpaka pua inachanganyikiwa. Ila kuupata ni roho mkononi. Unaweka mvinyo kwenye pipa, unaziba, unaondoka. Kila mwaka unapungua wenyewe, unapotelea kwenye mbao, na wewe huongezi hata tone. Pale juu panapobaki wazi panaota utando, mweupe wa kijivujivu, kama ule wa maziwa yaliyopoa. Huo utando ndio mpishi. Ukikaa salama miaka sita na miezi mitatu, una mvinyo wa njano. Ukichanika, una siki. Na kwa nini pipa hili linafaulu na la jirani yake linakufa, hakuna anayejua, hata wale wenye mashine.

Fernand aliyasema haya akiwa kitandani, sauti imeshakuwa nyembamba.

"Arlette, mimi nakujua. Usilijaze. Usilifungue. Usilisogeze. Usilipanguse vumbi."

"Hata vumbi?"

"Hata vumbi, mke wangu."

"Basi nitafanya nini sasa huko chini?"

"Hakuna. Hiyo ndiyo kazi."

Akafa wiki mbili kabla ya Pasaka.

Miaka sita Arlette alikuwa anashuka zile ngazi kila asubuhi baada ya kahawa, anasimama mbele ya pipa, mikono ameitia mfukoni mwa aproni na kuibana kabisa, kama mtu anayewashika watoto watundu. Anaangalia. Anapanda juu. Mara mbili kwa mwaka alikuja Régis, jirani aliyestaafu kazi ya mapipa kule kwenye ushirika, anachota kidogo kwa kabomba ka chini ubavuni, ili utando wa juu usishtuke, na kachupa kamoja kanaenda maabara. Machipuko ya mwaka wa sita Régis alionja, akazungusha glasi, akaonja tena na tena mpaka Arlette akataka kumpiga.

"Sema basi, we mzee!"

"Huyu jamaa alikuwa anatuficha," Régis akasema. "Miaka yote hiyo ananunua mvinyo dukani. Mshenzi. Arlette, hili ni pipa la maana."

Barua ya maabara nayo ikasema hivyohivyo, kwa tarakimu. Arlette akaibandika kwenye friji. Fernand angekuwa na mvinyo wake. Mmoja tu, lakini wake, wenye jina lake kwenye chupa, watu wanywe waseme huyu ni Fernand Vuillet. Hicho tu ndicho Arlette alichokuwa anakitaka duniani.

Ikafika tarehe mosi Novemba, siku ya kwenda makaburini na maua. Zilibaki wiki sita. Wiki sita tu!

Binti yake Sylvaine akaja na mume mpya, Benoît. Sylvaine ana miaka arobaini na saba, wameoana mwezi wa sita, ndoa ya pili kwa wote wawili, na Arlette alikuwa amempenda huyo mkwe kuliko alivyotegemea. Bonge la mtu, fundi wa malori, mikono kama makoleo, anaongea taratibu. Kwao ni Bourgogne, upande wa pili wa bonde, saa moja na nusu kwa gari, na baba yake ana mapipa ishirini. Amekuja na zawadi, madumu mawili ya lita ishirini ishirini ya mvinyo mweupe wa baba.

"Mama, huu ni wa kunywa mezani, si wa kutunza," akasema.

"Weka hapo, mwanangu. Sisi tunakwenda kwa Fernand. Wewe niangalizie kuku, moto usipande."

Wakaenda, mama na binti, na vyungu vya maua ya njano. Wakasafisha kaburi. Yaani Arlette alisafisha, na la jirani, na la jirani wa jirani. Saa nzima na nusu.

Benoît akaangalia kuku. Kuku ametulia, hana shida. Akaona bora madumu ayashushe stoo yasije kupata joto. Akashuka. Akaona pipa, limejaa vumbi, maandishi ya chaki mbele yamefutwa na unyevu, hayasomeki. Akaligonga kwa kidole. Likaita tupu, theluthi nzima tupu!

Sasa uelewe. Kwa kina Benoît pipa lenye nafasi ni aibu. Toka ana miaka sita alikuwa anazunguka na baba yake kila Jumatatu na birika, wanajaza mapipa mpaka mdomoni, kila Jumatatu, mvua jua, hata siku ya msiba. Akafungua kizibo, akamulika tochi, na kilichomwangalia kutoka ndani kilimkata maini. Utando. Huko kwao utando ule ni ugonjwa. Ukiukuta kwenye pipa unafanya haraka kama umekuta moshi jikoni.

Akasema maskini mama mkwe, mjane, amekaa na mvinyo wa marehemu unaoza na hana wa kumwambia.

Akamimina dumu la kwanza. Akamimina la pili. Akajaza mpaka pipa likafurika, ule utando ukapanda na kumwagika nje, akaupangusa na kitambaa safi, tena kwa upole. Akakuta kwenye rafu utambi wa salfa wa enzi za Fernand, akaufukiza kuua kilichobaki. Akaziba. Akapangusa na vumbi lote.

Waliporudi alikuwa mlangoni, mikono imelowa hadi viwiko, anang'aa kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Mama, njoo uone! Nimekuokolea pipa la mzee!"

Arlette alikuwa bado na koti. Alishuka na koti. Sylvaine nyuma yake anasema, "Benoît, umefanya nini? Benoît, pipa gani?"

Harufu ya salfa ilimpokea ngazi ya tatu. Akafika chini. Pipa lilikuwa linang'aa. Kitambaa kimeanikwa vizuri kwenye ndoo, na juu ya kitambaa ule utando umekunjamana.

"Lilikuwa limepungua sana, mama. Na lilishaugua. Ila nimewahi."

"Benoît," Sylvaine akasema, "hilo ni la njano."

"La njano nini?"

"La mvinyo wa njano! Haliguswi!"

Mtu mkubwa vile, ukamwona anapungua. Mvinyo wa njano ameshakunywa harusini, tena aliusifu. Hakuwahi kuuliza unatengenezwaje. Nani anauliza? Akamwangalia Arlette, akaangalia mikono yake, akaiweka nyuma ya mgongo.

Wakamwita Régis. Alikuja na soksi na kandambili, alikuwa mezani. Akachota kwa bomba, akanusa. Akanusa tena.

"Nani ameweka mvinyo wa Bourgogne humu?"

Sylvaine akamwangalia mumewe.

"Mimi," Benoît akasema.

"Wewe wa wapi?"

"Karibu na Beaune, hukohuko Bourgogne."

"Nilijua tu. Mnaogopa pengo nyie watu. Hata mkilala nadhani mnajaza shuka." Lakini alisema bila nguvu, utani ukaanguka hapohapo chini, na Régis mwenyewe akaonekana anajuta.

"Régis," Arlette akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo. "Tunafanyaje?"

"Arlette."

"Kwako una mapipa manne. Chukua utando kwako, upandikize. Kijiko kimoja. Mimi nilikuwa napandikiza maziwa ya mgando kwa watoto themanini, sishindwi."

"Utaota, ndiyo. Lakini miaka inaanza kuhesabiwa upya. Na humu ndani sasa kuna zabibu za watu wengine. Jina halipo tena, Arlette. Hata ukisubiri miaka ishirini."

"Je tukichota ule wa chini? Wa chini labda bado haujachanganyika."

"Umeshachanganyika."

"Umejuaje? Hujachota wa chini kabisa!"

"Nimechota wa chini."

Arlette akasimama. Mikono ilitoka mfukoni, ikaenda kwenye pipa, ikagusa mbao, ikarudi. Ikaenda kwenye kizibo, ikarudi. Ilikuwa inatafuta pa kushika na hapakuwa na pa kushika. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita angeweza kulifanya lile pipa chochote alichotaka, na hakuna hata kimoja ambacho kingesaidia.

Juu kuku aliungua upande mmoja. Wakamla. Benoît hakula, alikuwa nje kwenye baridi, amekaa kwenye ngazi, mabega yanatikisika. Sylvaine alitoka akarudi, akatoka akarudi.

"Mama, mgombeze basi," akasema mwishoni. "Ukimgombeza atapata nafuu. Na wewe utapata."

"Nimgombeze kwa lipi? Hakuiba. Hakuvunja. Aliona kitu kinaugua akakihudumia. Mimi ndiye ningefanya hivyohivyo. Na sikumwambia. Miezi mitano yuko kwenye familia, nimemwambia habari za mapazia, sikumwambia hilo."

Kesho yake saa mbili na nusu asubuhi akapiga simu maabara. Usiku kucha alikuwa anakafikiria kale kachupa ka machipuko. Hata nusu chupa. Hata kidogo cha kuweka mezani siku moja.

"Sampuli za mwezi wa nne, mama?" dada wa maabara akauliza, kwa adabu kabisa. "Tunazimwaga wiki mbili baada ya majibu."

"Mnamwaga wapi?"

"Samahani?"

"Nauliza mnamwaga wapi."

"Kwenye sinki, mama."

Arlette akamshukuru. Ndiyo, akamshukuru.

Basi ule mvinyo ukawa wa kunywa tu. Sylvaine na Benoît walikuja Jumapili mbili kwa mwezi, na jagi linawekwa katikati ya meza. Mara ya kwanza Benoît aligeuza glasi yake chini.

"Igeuze," Arlette akamwambia. "Kunywa, baba. Huu ni wa baba yako na wa Fernand. Tutafanyaje, tuwatenganishe?"

Akanywa, machozi yanamtoka. Na kilichouma zaidi ni kwamba mvinyo haukuwa mbaya. Ungekuwa siki wangemwaga yaishe. Arlette alikuwa anaushika mdomoni, anafumba macho, anamtafuta mtu wake. Kuna mahali, mwanzoni kabisa, palipita kokwa ya jozi, kidogo, kama mtu anayepita dirishani, halafu mvinyo wa kule unakuja unafunika. Kila Jumapili alikuwa anamtafuta. Kila Jumapili anapita upesi zaidi.

Februari zamu ya sikukuu ya mvinyo wa njano ikaangukia kijiji chao. Watu wakajaa, bendi, soseji, wageni wa kila namna na glasi zimening'inia shingoni kwa kamba, stoo zote ziko wazi. Ya Arlette ilikuwa imefungwa. Ila wageni hawaachi kubisha. Wakaja mume na mke kutoka Ubelgiji, vijana, mashavu mekundu kwa baridi, wamependa ule mlango wa zamani, wamepiga na picha.

"Samahani, mama, na hapa kuna mvinyo wa njano?"

Benoît alikuwa jikoni anamenya viazi. Kisu kikasimama.

"Hapana," Arlette akasema. "Nyumba hii haijawahi kutengeneza."

Yule dada akatabasamu, akauliza basi mumewe alikuwa anafanya kazi gani, maana kuna trela ya zabibu pale uani.

"Alikuwa anapeleka ushirika," Arlette akasema, akawaelekeza kwa Régis, nyumba ya tatu kushoto, waangalie barafu kwenye ngazi.