Mgeni Niliyemkaribisha Kisiwani

Mtasema nimetunga. Semeni. Nimeshachoka kubishana na watu wanaonicheka mpaka wafike mlangoni kwa mama yangu, wamwone kwa macho yao, ndipo waondoke wameziba midomo. Wallahi haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Sikusimuliwa na mtu.

Kwanza mjue kazi yangu. Mimi ni mtu wa Bagamoyo, lakini nafanya kazi Dar, kwenye kampuni ndogo ya utalii. Zile meli kubwa za watalii zinazopita Unguja kisha zikashuka Mafia, abiria wake huchoka kukaa melini, wanataka washushwe kwenye kisiwa kidogo waogelee, wale, wapige picha, warudi. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Napanga boti zao zishushie wapi, wakae kivuli gani, bibi wa magongo apite njia ipi, vyoo viwekwe wapi ili upepo usilete harufu kwenye chakula. Watu wanadhani ni kazi ya kula raha. Thubutu! Ukikosea kusoma maji yanakupwa saa ngapi, wazee wa watu wanakwama kwenye matope na boti haiwafikii, na matusi yote ni yako.

Na zaidi ya yote, kazi yangu ni kukaribisha. Karibuni, karibuni sana, karibuni tena. Mdomo wangu umezoea kiasi kwamba neno linatoka lenyewe hata nikiwa nimenuna.

Sasa kuhusu mama. Nina mama tu duniani. Baba alifariki nikiwa mdogo, na sikujaliwa ndugu. Mama anakaa Bagamoyo mjini, kwenye nyumba aliyoacha babu, anasuka mikeka. Kila mwisho wa wiki nilikuwa nakwenda kulala kwake. Akisikia viatu vyangu tu nje, kabla hata sijagonga, ananiita jina langu la utotoni, jina ambalo hakuna mwingine anayelijua. Mimi ni mkali, wafanyakazi wenzangu wananiogopa, lakini nikiitwa jina lile nilikuwa nalegea kama mtoto. Naomba mlishike hilo, kwa sababu kilichochukuliwa ni hicho.

Basi. Ilitokea meli moja iliyotaka kisiwa kipya, kisichojaa watu kama vile vya karibu na Dar. Bosi akanituma nikakague kisiwa kimoja kati ya Mbweni na Bagamoyo. Jina silitaji, msiniulize. Tulikwenda wawili tu, mimi na Shomari, nahodha wa boti ya mashine, mtu wa utani asiyenyamaza hata akiwa anakula.

Kisiwa chenyewe hakikaliwi. Kina gofu la msikiti na makaburi ya watu ambao hakuna anayewajua. Sisi watu wa pwani pahala kama pale tuna adabu zake. Ukifika unapiga hodi, unangoja kidogo ingawa hakuna wa kukuitikia, unafukiza ubani wako, ndipo unaingia. Na ukiondoka huagi. Unaondoka kama unavyoondoka makaburini, unanyanyuka, unakwenda zako. Ile tabia yetu ya kusema "haya, karibuni na sisi kwetu" hapo unaimeza, kwa sababu hujui nani anakusikiliza.

Nilijua yote hayo tangu mdogo. Hata Shomari alinikumbusha. Aliposhusha nanga akanitania, "We mama karibuni, leo mdomo wako uufunge kufuli. Usije ukatukaribishia watu tusiowajua."

Nikamwambia, "Nyoo! Wewe ndiye wa kufungwa kufuli."

Tukapiga hodi, tukafukiza ubani. Yeye akabaki kwenye boti kuyaangalia maji, mimi nikazunguka na mkoba wangu. Nilikuwa nimebeba chakula cha majaribio, wali wa nazi na samaki wa kupaka, nione kama kitafaa kuliwa pale penye joto bila kuharibika. Jua lilikuwa la utosi. Nikapata mkwaju mkubwa nyuma ya gofu, nikakaa kivulini, nikafungua kontena.

Ndipo nikasikia, "Hodi."

Nyuma yangu. Sauti ya mwanamke, ya upole. Nikaitikia bila kugeuka, "Karibu!" Na nyinyi mngeitikia hivyo hivyo. Nani kati yenu anapigiwa hodi akanyamaza?

Alikuwa dada wa umri wangu, amejitanda kanga moja nyekundu iliyopauka. Pindo la kanga lilikuwa limelowa na linachuruzika maji, lakini mchanga chini yake ulikuwa mkavu. Niliona, nikajisemea labda jua linakausha haraka. Akili ya binadamu inavyojitafutia visingizio, acheni tu. Nikadhani ametoka kuokota chaza, nikamkaribisha chakula. Akakaa, akala kwa adabu, kwa ncha za vidole. Nikamuuliza anatoka wapi. Akasema, "Hapa hapa." Nikamuuliza wenziwe wako wapi. Akasema, "Sina. Hakuna aliyewahi kunikaribisha."

Jamani, nilimwonea huruma. Nawaambia kweli, sikuhisi hofu hata kidogo. Nilipofunga mkoba kuondoka, mdomo ukafanya kazi yake ya kila siku. Nikamwambia, "Usijali, dada. Siku moja karibu kwetu Bagamoyo. Mama yangu yupo, nyumba ni kubwa, chumba hakikosekani."

Akaniuliza, "Nikifika niseme mimi ni nani?"

Nikacheka. Nikamjibu, "Sema ni mwanawe. Mama yangu hana makuu, kila anayefika kwake ni mwanawe."

Akatabasamu. Hakunishukuru.

Nilipofika kwenye boti, Shomari akaniuliza nilikuwa nazungumza na nani kwenye simu muda wote ule. Nikamwambia si simu, ni yule dada. Akaniangalia aone kama namtania. Kisha akaomba chakula. Nikafungua kontena nikijua ni mabaki, na wallahi lilikuwa limejaa kama nilivyolipakia asubuhi. Shomari akatia tonge mdomoni, akalitema baharini.

"Mbona hakina chumvi?"

Nilikipika mwenyewe. Nilikionja mwenyewe. Nikaonja kwa ncha ya kidole, chakula kikawa kama karatasi. Shomari hakusema utani tena. Akawasha mashine, na njia nzima alikuwa anasoma dua kimoyomoyo, namwona midomo inavyotikisika.

Nikarudi ofisini. Alasiri nikiwa naandika ratiba, simu ikalia. Mama.

"Mgeni wako kashafika," akasema, anacheka. "Mbona hukuniambia mapema nikapika? Ati kasema umemwambia aseme ni mwanangu. Nimecheka mie! Nimempa chumba chako apumzike."

Nikamwambia, "Mama, mtoe nje. Mtoe sasa hivi!"

"We mtoto una wazimu? Umemwalika mwenyewe, nimtoe nimpeleke wapi? Kachoka, kaloa. Ebu usinitie aibu." Akakata. Nikapiga tena na tena, haikupokelewa.

Nikakodi gari. Njia ya Bagamoyo jioni mnaijua, malori yamejipanga Tegeta, foleni Bunju, mimi nalia kiti cha nyuma dereva ananiuliza kama nimefiwa.

Nilifika adhana ya magharibi inamalizika. Nikaingia kwa kishindo, viatu vikigonga sakafu. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anasuka. Akainua uso, akaniangalia. Namna alivyoniangalia ndiyo inayonikosesha usingizi mpaka leo. Kwa heshima. Kama unavyomwangalia mtu aliyekosea nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti. Karibu. Watoka wapi?"

Nikadhani ananitania. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono, nikamwambia, "Mama, ni mimi." Akaitoa mikono yake taratibu, asije akaniudhi, kisha akageukia pazia la chumba changu na kuita. Akaita jina langu. Lile la utotoni.

"Njoo umwone mgeni, sijui anamtaka nani."

Na ndani ya chumba changu sauti ikaitikia, "Abee, mama."

Ilikuwa sauti yangu. Si inayofanana, yangu. Chini ya pazia niliona pindo la kanga nyekundu. Nikalivuta pazia kwa nguvu mpaka fimbo yake ikaanguka. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, hakuna mtu.

Tangu siku ile sijamwona. Lakini mama anamwona. Anamwekea chakula, anamsuka nywele, vidole vinakwenda hewani mpaka anafunga ncha. Wanacheka pamoja mambo yetu, mambo ya utoto wangu, na mimi nimekaa kwenye kiti cha wageni nasikiliza upande mmoja. Na anapika bila chumvi. Mwanamke aliyenifundisha mimi kupika, leo nikileta chumvi ndani anaimwaga nje, anasema mwanangu haimpendezi.

Nimempeleka hospitali Dar. Wakapima kichwa, wakasema ni ugonjwa wa kusahau, unawapata wazee. Nikamuuliza daktari, mbona amenisahau mimi tu? Jirani zake wote anawajua, bei za ukili wa mikeka anazijua, deni la mtu aliyehamia Chalinze analijua. Daktari akasema ubongo una mambo yake. Nimeleta masheikh wakasoma mpaka sauti zikakauka. Sheikh mmoja akaniambia ukweli bila kuficha. Huyu hakuvunja mlango, alikaribishwa. Wa kumtoa ni yule aliyemkaribisha, na amtoe akiwa mwenyeji, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nikafanya hivyo. Nilisimama katikati ya ukumbi, nikasema kwa sauti nilivyofundishwa, "Mimi ndiye niliyekukaribisha, na leo nakuambia ondoka kwetu."

Mama akainuka kwenye mkeka. Sikuwahi kumwona na hasira vile. Akasema, "Mgeni gani wewe usiye na haya, unakuja kumfukuza mwanangu kwao?"

Akanifungulia mlango akanitoa. Na alikuwa na haki. Ile haikuwa nyumba yangu tena. Nitamfukuzaje mtu nikiwa mimi ndiye mgeni? Nilikaa barazani mpaka miguu ikafa ganzi, nalia, na ndani namsikia mama akimbembeleza mtu asiogope.

Mtauliza na ile meli ikawaje. Mimi nilikifuta kisiwa kwenye ratiba, bosi akafoka, akakirudisha, akampa kazi hiyo mtu mwingine. Wazungu wakashuka, wakaogelea, wakala, wakapiga picha juu ya makaburi kwa magoti yao wazi, wakarudi melini salama. Hakuna aliyeumwa hata tumbo. Mwanzoni niliona uchungu nikasema Mungu gani huyu. Kisha nikaelewa. Wao walipunga mkono wakaondoka. Hakuna aliyesema karibu kwetu.

Basi nanyi mnaonisoma, shikeni hili kama hamtashika lingine. Mkifika pahala pa watu waliokwishapita, ingieni kwa adabu na mtoke kimya. Adabu zetu ni nzuri, sizikatai, lakini usiitoe nyumba yako kwa mtu usiyejua anatoka wapi kwa kuwa tu umezoea kusema hivyo. Na wazazi wako usimgawie mtu, hata kwa mzaha.

Bado nakwenda kila mwisho wa wiki. Nimejifunza kutomlazimisha, nisije nikafukuzwa tena. Nagonga, napiga hodi, nakaribishwa. Tunazungumza habari za mvua na bei ya samaki. Sasa amenizoea, anasema mimi ni mgeni mwenye adabu. Wiki iliyopita alinifungia mikate ya kumimina kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka barabarani taratibu na magoti yake mabovu, akanishika bega.

"Ahsante kwa kuja, binti," akasema. "Mama yako kakulea vizuri. Ukifika msalimie sana."

Nikamwambia zimefika.