Kinywa Kitupu Asembo Bay

Niliondoka Kisumu kwa sababu ya kujigamba. Dada yangu Adhiambo, mjamzito wa miezi sita, alipimwa virusi vya Ukimwi kliniki akakutwa salama, akapewa kifaa cha kujipimia nyumbani ampelekee mumewe, Ochieng. Ochieng akakiweka juu ya kabati, kikakaa huko kama picha ya harusi. Adhiambo aliponipigia simu akilia kwamba anamhofia mtoto, nikamwambia, "Niachie huyo. Nitakuja tupime pamoja."

Asubuhi nilipitia duka la dawa nikanunua kifaa changu, cha maonyesho tu. Mimi nauza vipuri, nina mke mmoja na mashati yaliyopigwa pasi. Sikuona virusi vingenipatia wapi. Mambo ya kale niliyahesabu kuwa ya kale. Njia nzima hadi njiapanda ya Ndori nilikuwa natunga hotuba ya kumtia Ochieng aibu.

Saa tano nikafika kwao Asembo Bay. Maagizo yalikuwa mepesi: usile wala kunywa kwa nusu saa, pangusa fizi kwa kijiti, kichovye kwenye kichupa, subiri dakika ishirini usome mistari: mmoja ni salama, miwili ni virusi. Aliyeyaandika hajawahi kumtembelea shemeji kwetu Ujaluoni. Ilianza chai na mandazi. Dakika ya ishirini na tano zikaja njugu. Baada ya njugu, samaki ngege mzima na ugali.

"Ora, kula bwana," alisema Ochieng, maana ndivyo mashemeji tunavyoitana. "Watu watasema nimekunyima."

"Kinywa kinatakiwa kikae bure nusu saa."

"Basi hiyo kitu tutafanya kesho. Leo samaki iko."

Naye alikuwa akitafuna pamoja nami, kila mara. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba heshima yote ile ilikuwa ujanja mtupu. Nilikasirika, lakini ngege nilimmaliza.

Saa tisa Adhiambo akakusanya sahani, akafunga jikoni kwa kufuli, akaketi mlangoni na tumbo lake.

"Hakuna mtu anakula hapa mpaka nione hizo laini," alisema.

Saa kumi tulikuwa tumeinamia meza. Kifaa cha Ochieng kilikuwa na mstari mmoja. Changu kilikuwa na miwili. Nilikilaumu kiwanda, nikailaumu miwani yangu, nikamlaumu hata ngege. Niliogopa kwelikweli, na hotuba sikukumbuka hata neno.

Ochieng angeweza kunicheka, na ningestahili. Hakucheka.

"Ora, mistari mbili si mwisho," alisema polepole. "Unaenda hospitali, wanapima tena. Ikiwa iko, dawa iko. Hiyo karatasi ya maagizo nimesoma mara mingi, nikiogopa."

Kesho yake alinipeleka kituo cha afya kwa pikipiki yake. Nesi alirudia kupima, jibu likawa lile lile, nikaanza dawa siku hiyo hiyo. Nilipewa pia kifaa kingine cha kumpelekea mke wangu nyumbani. Barabara nzima nilikuwa nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwoga alisoma maagizo kuliko mimi jasiri.

Jioni, Kisumu, mke wangu alinipokea mlangoni.

"Ochieng amekutwaje?"

"Yeye yuko salama," nilisema.

Alivuta viti viwili, akaketi kwenye kimoja, akanyoosha mkono apokee kile kifaa nilichodhani nimekificha mfukoni.