Mteremko wa Baba

Ule ubao wa kutelezea, wenye magurudumu manne, niliununua kwenye mitumba ya Mabatini. Muuzaji aliapa kwamba ni wa kubebea ndoo za maji, na mimi sikubishana naye, maana angepandisha bei. Nilikuwa nimewaona vijana wa Ulaya kwenye banda la video wakishuka na mbao kama hizo kwenye mteremko uliojengwa kwa mbao. Nilikuwa na miaka kumi na sita na kilichokosekana ni mteremko tu.

Baba alikuwa amepunguzwa kiwandani. Kiinua mgongo chote mama alikimalizia kwenye mbao za kuundia mtumbwi, kwa sababu miaka ile mtaa wetu wote wa Igogo, kando ya ziwa, ulikuwa unaimba samaki wa sangara, asubuhi sangara, jioni sangara. Mbao zikalala uani miezi mitano. Kila siku baba alizigeuza zisipinde, kisha akarudi kukaa.

Siku moja mama alikwenda Magu kwa siku chache kununua mchele. Baba akanikuta nachora mteremko wangu mchangani kwa kijiti, akauliza ni nini, nikamweleza. Aliutazama mchoro ule muda mrefu. Halafu akachukua msumeno, akakata katikati ubao mrefu kuliko zote.

Nilipaswa kusema, "Baba, hizo ni za mtumbwi." Sikusema. Mtumbwi ndio uliokuwa utulishe, nilijua hivyo, na bado nilinyamaza. Kwa miaka mingi nimejidanganya kwamba ulikuwa uoga, lakini ilikuwa tamaa.

Alifanya kazi siku tatu. Baba alizaliwa kando ya ziwa kule Mara, kwa waunda mitumbwi, na mikono yake haikujua kuunga mbao kwa namna nyingine. Alisimamisha mbavu kwanza, akapigilia mbao juu yake, kisha akachukua patasi butu na kuanza kushindilia pamba kwenye kila ufa na kuipaka mafuta. Nikamwuliza kwa nini anaziba kitu kisichoingia majini.

"Mbao zinazibwa," akajibu kwa ukali.

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Sikujua tena kama ananitengenezea mimi mteremko, au anaunda mtumbwi na akili yake imegoma kuumaliza. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia, kisha nikaenda kumletea pamba nyingine.

Mama aliporudi aliiona ile pamba kutoka mlangoni, akapiga vigelegele kabla hajatua gunia. Alizunguka kazi ya mumewe mara moja. Mara ya pili alizunguka polepole.

"Baba watoto, mbona umeishia nusu? Maji si yataingia?"

"Siyo mtumbwi."

"Ni nini sasa?"

Baba akanitazama mimi, kana kwamba jibu ninalo. Nilikuwa nimesimama juu kabisa ya mteremko, ubao wangu kwapani.

"Ni cha kuchezea mtoto," akasema. "Ziwani siwezi kurudi, mama. Nimejaribu kuziunga mbao hizi tangu ulipozileta, siwezi. Kaka yangu alizama mbele yangu, na kasia nilikuwa nalo mimi."

Mama alikuwa ameishi naye miaka kumi na minane. Alikaa chini juu ya gunia la mchele.

"Kaka yupi?" akauliza.